Damu iliyogoma kupanda: kisa cha mjamzito wa mwaloni

Mjamzito wa miaka 24, mimba ya pili, wiki ya 23. Anaishi na mama mkwe wake kando ya mwalo wa dagaa, yaani ufuko wanaporudi wavuvi na mitumbwi yao, upande wa Ilemela, Mwanza. Mume ni mvuvi, na giza likiingia, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, huhamia visiwa vya Ukerewe kufuata dagaa. Kliniki alianza wiki ya 14, mapema kuliko wengi wa huku. Siku hiyo wingi wa damu ulisoma gramu 9.6 kwa desilita. Akapewa fefo, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kimoja kila siku. Wiki ya 19 damu ilisoma 9.1. Wiki ya 23, alipofika kwetu kituo cha afya na barua ya rufaa kutoka zahanati, ilikuwa 8.2.

Kwa mjamzito, damu chini ya 11 ni upungufu. Kati ya 7 na 9.9 ni upungufu wa kati. Ikishuka chini ya 7 ni mkali, na huyo ni wa hospitali kubwa, huenda hata akaongezewa damu. Anayemeza fefo sawasawa tunatarajia apande gramu moja hivi katika wiki nne. Huyu alikuwa anateremka, huku kadi ikionyesha kapewa dawa kila alipohudhuria. Barua ikauita upungufu "usiosikia dawa" na kupendekeza dozi iongezwe.

Kuhusu dozi barua haikukosea. Kidonge kimoja kwa siku ni cha kinga. Mwenye upungufu anahitaji miligramu 120 za chuma kwa siku, yaani viwili vya miligramu 60, mpaka damu irudi juu. Alistahili dozi hiyo tangu ile 9.6. Ila kusema dawa haisikii ni kudai kwamba dawa ilimezwa, na katika kadi nzima sikuona alama ya mtu kuuliza hilo. Ndiyo sababu ya kukiandika kisa hiki. Jina lake na la mwalo nimeyaacha.

Malalamiko yake yalikuwa ya kawaida kiasi cha kumpita mtu bila kugundulika: kizunguzungu akiinuka, moyo kwenda mbio akipandisha ndoo kutoka ufukweni, mgongo, kiungulia usiku, choo kigumu. Viganja vyeupe, na ndani ya kope la chini weupe vilevile. Presha nzuri, mkojo hauna protini, hakuna uvimbe usoni wala mikononi, malaria hakuna, mtoto anacheza. Virusi vya Ukimwi na kaswende alishapimwa, yuko salama. Tulimpima na sikoseli, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa sikoseli na damu ya namna hiyo haiponi kwa fefo. Hana.

Vibahasha viwili

"Zile dawa za damu unameza?"

"Nameza, nesi."

Wote hujibu hivyo. Swali lenyewe limeshamwekea jibu mdomoni, na akikataa anajua atagombezwa mbele ya foleni. Nikaacha kuuliza kama anameza, nikamwomba anionyeshe zilizobaki. Akamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe ndiye aliyefungua mkoba: vibahasha viwili vya fefo, kimoja hakijaguswa, cha pili kimepungua kidogo. Kando yake, ndani ya kipande cha gazeti, vijiti vinne vya pemba, ule udongo wa kijivu unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito.

"Mayu, hizi mbona zimebaki?" nikamuuliza mama mkwe; mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Hizo zinakuza mtoto, mwanangu. Mke wa jirani yetu alizimaliza zote, mtoto akawa kilo nne, akapasuliwa."

Ndipo mkwe naye akapata ujasiri. Alikuwa akimeza asubuhi, na chai, kabla ya kwenda mwaloni. Nusu saa baadaye anatapika chai yote mchangani mbele ya wenzake. Na siku alizofanikiwa kuzizuia, choo kilitoka cheusi na kigumu, akahisi kuna kitu kinaoza ndani. Hakumwambia mtu. Kliniki alipoulizwa alisema anameza, akapewa kibahasha kingine.

Hapo kuna mambo manne, na kila moja lina dawa yake. Choo cheusi ni chuma ambacho mwili haukukichukua kikitoka nje. Kinatisha lakini hakina madhara, na mtu akiambiwa siku ya kwanza haogopi siku ya tatu. Kichefuchefu ni cha kweli. Hakiondolewi kwa kumhimiza mtu avumilie. Tulihamishia kidonge usiku, baada ya chakula kidogo, alale nacho. Choo kigumu tulikitibu kwa maji, mapapai na mboga za majani, vitu asivyokosa. Hofu ya mtoto mkubwa ndiyo iliyochukua muda. Fefo hainenepeshi mtoto. Ukubwa unatokana na mengine, kama kisukari cha mama au maumbile ya familia. Damu ikipungua sana, ndipo mtoto huweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mama mkwe alisikiliza, hakukubali papo hapo. Aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: kama hazikuzi mtoto, basi kazi yake ni nini? Nikamweleza kuhusu siku ya kujifungua. Kila mzazi hutokwa damu. Mwenye 12 akipoteza nusu lita hujikongoja, mwenye 7 akipoteza hiyohiyo anaweza kutuponyoka mikononi. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua vibahasha akaviweka kwenye fundo la kanga yake mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mtoa dawa wa nyumba ile, na nilijua vitamezwa.

Chai inastahili aya yake. Chai ya rangi na kahawa zina tanini, na tanini hushikana na chuma tumboni kikapita bila kufyonzwa. Maziwa nayo hupunguza. Kumeza fefo kwa chai ya maziwa asubuhi ni kuitupa nusu njiani. Chai haikukatazwa, ingekuwa ukatili. Tulisema isikaribiane na kidonge wala na mlo mkuu, iwe mbele au nyuma kwa saa moja au mbili. Kidonge kimezwe kwa maji, na ikipatikana chungwa, pera au embe, kifuatwe na tunda hilo, maana vitamini C husaidia chuma kupita.

Pemba sikumnyang'anya. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huohuo wa chuma, kisha udongo wenyewe hukamata chuma kidogo kilichopo, hivyo mtu anazunguka hapohapo. Tena udongo unaouzwa huku umewahi kupimwa na kukutwa na madini yenye sumu kama risasi na aseniki, jambo zito kwa mtoto aliye tumboni. Nilimweleza hayo, tukapatana apunguze, na hamu ikimzidi atafune punje za karanga au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Baada ya wiki chache za dawa alisema pemba imekuwa haina ladha. Ndivyo inavyotokea mara nyingi chuma kikirudi mwilini.

Maji ya magotini

Kama tungeishia kwenye vidonge, nadhani tungepanda kidogo tukakwama. Ndoo ilikuwa inavuja na chini.

Kazi yake ni hii. Alfajiri mitumbwi inarudi na dagaa wa usiku. Haifiki nchi kavu. Wanawake huifuata majini, maji ya magotini na wakati mwingine ya kiunoni, wakapokea ndoo na kutoka nazo kichwani. Hulipwa kwa ndoo. Dagaa humwagwa mchangani, wakatandazwa kwa mkono, mtu kainama, hana viatu. Jua likipanda hugeuzwa. Mchana kabla ya kwenda nyumbani anashuka tena ziwani kuoga na kufua, kwa kuwa ananuka shombo.

Zahanati walishamshuku kichocho, wakapima mkojo, hakuna kitu, wakafunga mjadala. Watu wengi wanajua kichocho ni kukojoa damu. Hicho kipo, na vijijini ndani ya mkoa, kwenye madimbwi na malambo, ndicho hasa. Cha ziwani ni kingine, cha tumbo: minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai hutoka na kinyesi. Mkojo hauwezi kukionyesha. Tulipima choo mara mbili, maana kipimo kimoja huweza kuyakosa mayai yakiwa machache. Cha kwanza kilionyesha minyoo ya safura. Cha pili kilionyesha safura pamoja na mayai ya kichocho. Safura hunyonya damu moja kwa moja kwenye utumbo, na huingilia nyayoni mtu akikanyaga mchanga wenye kinyesi. Kichocho nacho huvujisha taratibu. Huyu alikuwa na vyote viwili, na kazi moja ndiyo iliyompa vyote.

Wengi huogopa kumpa mjamzito dawa ya kichocho, na zamani ilikuwa desturi kusubiri ajifungue na amalize kunyonyesha. Kwa wanawake wa pwani ya ziwa, wanaozaa na kunyonyesha mfululizo, kusubiri huko huweza kuwa miaka kumi. Shirika la Afya Duniani linakubali prazikwanteli itolewe baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na kwa anayenyonyesha pia. Alikuwa na kilo 58; tulimpa vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mkupuo, baada ya kula ugali, akae kituoni hadi mchana. Tumbo lilimsokota na alipata kichefuchefu, kikaisha kabla ya jioni. Dawa ya safura alipewa siku nyingine ili akitapika tujue ni ipi.

Nilitaka kumwambia asiingie ziwani. Ningekuwa namwambia asile. Tuliyopatana ni haya. Maji ya kuoga na kufua yachotwe na kijana wa nyumbani asubuhi mapema. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana, wakati uleule aliokuwa akioga yeye. Maji yakae kwenye pipa siku mbili bila kuongezwa mapya, kwa sababu vimelea hivyo visipompata mtu hufa ndani ya muda huo. Mapipa mawili, moja linapumzika, jingine linatumika. Kuhusu kazi, mama mkwe alikwenda mwenyewe kwa tajiri wa mitumbwi. Sijui walizungumza nini, ila mkwe alihamishwa kutoka majini kwenda kwenye vichanja, vile vitanda vya nyavu vilivyoinuliwa usawa wa kiuno. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga na bei yao ni nzuri, kwa hiyo tajiri hakupoteza. Mgongo uliokuwa ukimuuma kila siku ulitulia ndani ya wiki mbili, na hakuna dawa ya mgongo tuliyompa.

Huko kichanjani ndiko mhudumu wa afya wa mtaa alikokiona chandarua alichopewa kliniki. Kilikuwa kinafunika dagaa wasiliwe na ndege. Ni kipya, tena kikubwa, na kwa hesabu ya nyumba isiyo na kitu kilikuwa kinaingiza pesa. Hakugombezwa, alitafutiwa wavu mkuukuu, chandarua kikarudi kitandani.

Jambo moja la dawa lisipotee. Baada ya ile 9.1, ndugu alimnunulia duka la dawa foliki za miligramu 5 "za kuongeza nguvu ya damu", akazimeza bila kukosa kwa sababu hazitapishi. Kiwango hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP, vidonge vya kukinga malaria anavyopewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili. Foliki iliyomo ndani ya fefo ni ndogo na haina ugomvi na SP. Tulizisimamisha. Vivyo hivyo juisi ya rozela na bitiruti, ambayo karibu kila mjamzito wa mjini anaambiwa anywe kwa kuwa ni nyekundu: kama unaipenda bitiruti kula, lakini wekundu wake si chuma. Chuma alikuwa anakianika kila siku kwa ndoo. Nyumbani walikuwa wanakula ugali wa muhogo na matembele, dagaa wote wa tajiri. Kuanzia hapo sehemu ya ujira wake aliidai kwa dagaa, wakaliwa wazima na vichwa vyao, pamoja na maharage au choroko na nyanya mbichi pembeni. Mayai mama mkwe aliyakataa, eti mtoto atazaliwa na kipara. Hilo nililiacha. Dagaa walitosha, na sikutaka kutumia imani aliyonipa kwenye vita isiyo ya lazima.

Fefo ilianza na kimoja usiku kwa wiki moja, kisha viwili. Wiki ya 27 damu ilisoma 9.3. Wiki ya 31 ikawa 10.2, wiki ya 36 ikafika 11.1. Mpango wa kujifungua uliandikwa mapema: kituoni, si nyumbani, ndugu wawili tayari kuchangia damu, na namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ambao unapigiwa bure na ulianzia hukuhuku Sengerema na Shinyanga. Namba iliandikwa kwa mkaa ukutani jikoni.

Baada ya kujifungua

Uchungu ulianza wiki ya 39, usiku, na bajaji ya jirani ikamwahisha kabla ya kuhitaji 115. Alijifungua kawaida, akachomwa oksitosini uniti 10 kuzuia kutokwa damu nyingi, damu iliyotoka tuliikadiria mililita 400. Mtoto kilo 3.1, akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Mama mkwe aliuliza uzito kabla ya kuuliza jinsia.

Ugomvi wetu wa pili ulikuwa kukandwa. Siku ya tatu mhudumu alipowatembelea alikuta ngozi ya tumbo nyekundu, imeanza kuvimba malengelenge kando ya kitovu. Maji yalikuwa yametoka jikoni yakichemka, na kitambaa kinakandamizwa kwa nguvu "damu chafu itoke". Nyumba ya uzazi hujikunja yenyewe, na kila mtoto anaponyonya hujikunja zaidi. Lile tumbo kukaza wakati wa kunyonyesha ndilo kazi yenyewe. Maji ya moto hayaifikii, yanaunguza ngozi tu. Lakini kukandwa kuna upande ambao sisi watu wa kituo tunausahau: ni saa nzima ambayo mzazi analala, mtoto kashikwa na mwingine, na mtu mzima anamhudumia. Ukikikataza chote unamnyima na hiyo. Tulikubaliana maji yawe vuguvugu, ya kujaribiwa kwanza kwa kiwiko, yakande mgongo, mabega na miguu, tumbo liachwe. Usafi wa sehemu za siri kwa maji safi na pedi au kitambaa kilichofuliwa na kuanikwa juani. Mama mkwe alitwambia bila kuficha kwamba anatufuata kwa sababu ya damu ile kupanda, wala si kwa sababu amekubali.

Fefo iliendelea miezi mitatu baada ya uzazi. Hapa wengi huacha, kwa kudhani dawa ilikuwa ya mimba. Chuchu zilichanika wiki ya kwanza. Mtoto alikuwa anashika ncha tu, akafundishwa kufungua mdomo na kuchukua na sehemu nyeusi, zikapona bila mafuta yoyote. Kulikuwa na siku chache za machozi yasiyo na sababu, zikapita. Mhudumu alibaki akiziulizia kila alipopita, kwa kuwa zingezidi wiki mbili tungemtafutia daktari.

Arobaini haikutimia. Giza liliingia, mume akaondoka, na yeye akarudi kwenye vichanja na mtoto mgongoni. Anamnyonyesha kivulini, chini ya mtumbwi uliopinduliwa, bila kumpa maji wala uji.

Prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, haizuii ya kesho. Kingatiba ya kila mwaka huwafuata watoto shuleni. Mwanamke mzima anayeshinda majini hana darasa la kukutwa. Kwa hiyo tulimpangia kupima choo tena mtoto akifikisha miezi mitatu. Alikuja, choo kikawa safi, damu 11.8. Wenzake wanne wa mwaloni walikuwa wamemsindikiza, tukawaomba nao wapime. Watatu walikuwa na mayai ya kichocho. Mmoja wao ana mimba ya miezi mitano na kliniki hajaanza. Tulimfungulia kadi siku hiyohiyo.